Nati Chini ya Sinki

Ezron Haonga alikwama ukutani saa nne asubuhi, watu wakimwangalia.

Ilikuwa kwenye gesti ya Mama Tumpale, mtaa wa Sogea, Tunduma. Fundi aliyeijenga gesti ile aliacha upenyo kati ya kuta mbili za vyoo ili mabomba yote yapite humo, ila sijui alikuwa anawaza nini, maana aliubana mpaka ukawa mwembamba kuliko mlango wa banda la kuku. Humo ndani maji yalikuwa yanavuja tangu Jumapili. Rangi ya chumba namba tano ilikuwa imevimba na kuanza kubanduka, na wageni wawili walikuwa wamedai kuhamishwa. Ezron, aliyekuwa fundi bomba kwa miaka kumi na tisa, alivua koti, akavuta tumbo ndani, akaingia kwa ubavu. Alipiga hatua mbili tu. Ya tatu tumbo lilikataa, na alipotaka kurudi nyuma mkanda wa suruali ukanasa kwenye msumari.

"Fundi, tuvunje ukuta?" aliuliza dereva mmoja wa lori, Mzambia aliyekuwa anasubiri karatasi zake za forodha siku ya tatu. Wahudumu wa gesti wakaangua kicheko. Mama Tumpale hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta wake kama mtu anayehesabu matofali.

Aliyemnasua ni mkewe, Ferista, aliyekuwa amefika mlangoni na mfuko wa washa, zile pete za mpira za kuzibia viungo, ambazo Ezron alizisahau nyumbani. Aliufungua mkanda, akamvuta mumewe kwa mkono, akamfuta chokaa mgongoni. Kisha akachungulia kwenye ule upenyo.

"Baba Mercy, hebu nipe hiyo spana ndogo."

"Ya nini?"

"Nipe tu. Utaniambia cha kufanya."

Ferista alikuwa mwembamba, mrefu wa mikono. Alijifunga khanga kiunoni juu ya suruali ya kazi ya mumewe, akaingia kwa bega la kushoto, akapotea. Ezron akabaki nje anaelekeza: papasa elbo ya kwanza, pale bomba linapopiga kona, shuka, sikiliza. Halafu sauti yake ikatoka ukutani, imefifia, tulivu: "Si kwenye elbo. Ni nyuma yake, kwenye yunioni, pale mabomba mawili yanapoungana. Maji yanatambaa na bomba ndiyo maana yanaonekana yanatoka kwenye elbo." Ezron alikuwa na hakika ni elbo. Alitaka kubisha, akakumbuka kwamba aliye ndani ni mwingine.

Dakika ishirini baadaye Ferista alitoka, nywele zimejaa utando wa buibui. Maji yakafunguliwa. Pakavu. Yule dereva akainama kidogo akimshukuru kwa Kibemba, "Natotela, mama, natotela sana," kana kwamba choo kilikuwa chake. Mama Tumpale akatoa noti kwenye pochi yake, akampita Ezron aliyekuwa amenyoosha mkono, akaziweka kwenye kiganja cha Ferista.

"Wewe ndiye fundi," alimwambia. "Nipe namba yako."

Ferista akageuka kumtazama mumewe, macho yanamwomba ruhusa na huku yanang'aa. Ezron akacheka kwa sauti kubwa kuliko ya wote. Usiku wa siku ile hakula ugali wake wote.

*

Haukupita mwezi, simu ya Ferista ikawa inaita zaidi ya ile ya mumewe. Mji wa Tunduma umejengwa kwa haraka, chumba kimebandikwa kwenye chumba, na mabomba yamesukumwa popote palipobaki nafasi: nyuma ya makabati ya zege, chini ya ngazi, juu ya dari ambako mtu analala kifudifudi na bati linamuunguza mgongo. Huko ndiko viungo vinakolegea. Na huko ndiko Ferista alikoenda, taa ndogo mdomoni, mkono mmoja mbele na mwingine umebanwa ubavuni, akikaza nati kwa ncha za vidole kabla ya kuigusa kwa spana. Alikuwa na desturi ya kuzungushia kitambaa kila nati ya kung'aa ili spana isiichune. Ezron hakumfundisha hilo. Alilianza mwenyewe, na wenye nyumba walilipenda.

Walikwenda pamoja. Ezron alibeba sanduku na kuzungumza na wenye nyumba. Mwanzoni watu walimsalimia yeye kwanza, kisha mkewe. Baadaye wakaanza kusema, "Aa, fundi Ferista amefika," halafu wakamwona na yeye.

Siku moja alikuwa amekaa na mafundi wenzake nje ya duka la vifaa vya ujenzi, pale barabarani ambako malori hupanga foleni ya kuvuka mpaka. Luka, fundi aliyejifunza kazi chini ya mkono wake, alisogea akachuchumaa karibu yake.

"Kaka Ezron, shemeji ana nafasi kesho? Nina kazi kule Mpemba imenishinda. Pamebana mno."

"Mimi nina nafasi," alisema Ezron.

Luka alikuna kidevu. "Hapana, kaka. Ni kwamba... pamebana."

Wenzao wakatazama pembeni. Mmoja akajitia kuchezea simu. Ezron akasema atamwuliza, akainuka kwenda nyumbani kabla ya saa sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alimkuta Ferista uani anaanika nguo. Akaanza bila salamu.

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Mwanamke mtu mzima, unatambaa chini ya masinki ya wanaume. Miguu nje, mwili ndani. Unadhani wanaangalia bomba?"

Ferista akaliweka shati begani. "Si huwa upo hapo hapo umesimama, Baba Mercy? Nani aliyeniangalia vibaya? Nitajie mmoja."

Ezron hakuwa na wa kumtaja. Akamtaja mwenye duka la simu wa Majengo, mzee wa miaka sabini mwenye mtoto wa jicho. Ferista alimtazama, akataka kucheka, akaona uso wa mumewe, akaacha.

"Ukitaka niache, niambie niache," alisema taratibu. "Lakini usinisingizie."

Hapo ndipo angeweza kusema. Badala yake alisema, "Nani amekwambia uache?" akaingia ndani. Alilala kitandani mchana kweupe, viatu miguuni, akiwaza kuhusu ile yunioni ya gesti. Miaka kumi na tisa. Angeivunja ile elbo, angenunua mpya, na maji yangeendelea kuvuja. Mkewe aliligundua kosa gizani kwa vidole, siku yake ya kwanza. Si wanaume waliomnyima usingizi. Ila kusema unamwonea mkeo wivu kwa ajili ya mwanaume, kila mtu anakuelewa, hata mchungaji. Kumwonea wivu kwa ajili ya spana, nani atakuelewa?

*

Kazi ya zahanati ilikuja mwanzoni mwa kiangazi. Ilikuwa zahanati ndogo ya mtu binafsi, pembeni ya mji, na muuguzi mkuu wake alikuwa mama mmoja mkali anayeitwa Restuta. Sinki la chumba cha kujifungulia lilikuwa linavuja kwa chini, mahali ambapo mpira wa maji unaungana na koki. Kabati la zege lilikuwa limejengwa hadi ukutani, na nafasi ya kuingilia ilikuwa upande mmoja tu, kimo cha ndoo.

Ferista alilala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka mabega yakapita. Alibadilisha washa, akakaza nati, akafungua maji, akashika karatasi ya chooni chini ya kiungo kwa dakika nzima. Karatasi haikulowa. Restuta aliinama akaiona, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi. Mama Ferista, sisi tuna matawi mawili mengine, Vwawa na Mlowo. Nitakutaja."

Hakusema nitawataja.

Ferista akaenda kunawa kwenye bomba la nje. Restuta akaitwa wodini. Ezron alibaki peke yake anakusanya vifaa. Alitazama ule upenyo. Bega lake lisingepita, lakini mkono ungepita, na renchi yake kubwa ilikuwa na mpini mrefu. Alipiga goti. Hakuwaza sana, baadaye alijiapiza kwamba hakuwaza kabisa, lakini si kweli, kwa sababu alisikiliza kwanza kama kuna nyayo kwenye korido. Akapapasa mpaka mdomo wa renchi ukashika nati. Akaivuta kidogo.

Alitaka tone. Tone moja moja, la kuonekana kesho yake, Restuta apige simu na kusema kile kiungo hakikukazwa vizuri, afadhali aje baba mwenyewe. Hilo tu. Lakini jicho lake halikufika mkono ulikofika, na hakuweza kujua nati imezunguka kiasi gani wala imebakiza kushika wapi. Akachomoa renchi, akaifuta, akaiweka kwenye sanduku. Ferista aliporudi alimkuta anafunga kufuli.

"Twende?" alisema Ferista, mikono inadondosha maji, uso una furaha.

"Twende."

*

Siku ya pili yake, saa moja asubuhi, simu ya Ferista ikaita. Alisikiliza bila kusema neno, kisha akaanza kuvaa.

Mpira ulikuwa umechomoka alfajiri. Tangi lote la zahanati liliishia sakafuni, likapita chini ya mlango, likalowesha maboksi ya glovu na pamba kwenye stoo. Hilo silo lililokuwa baya. Baya ni kwamba kulikuwa na binti anajifungua, na mtoto alitoka muda mchache baada ya tangi kukauka. Mama wa yule binti, mwanamke wa makamo aliyemleta kutoka Itaka, alikimbia nje na ndoo, akigonga milango ya watu asiowajua kuomba maji, huku mwanawe analia nyuma yake. Alipata ndoo mbili. Mtoto alikuwa mzima, mama yake pia. Lakini walipofika Ezron na Ferista, yule bibi alikuwa bado amesimama kwenye korido yenye maji, gauni limelowa hadi magotini.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye," alisema Restuta.

Yule bibi akasogea, akamkodolea Ferista. "Wewe si mtoto wa Lusubilo? Lusubilo wa kule kwetu Itaka, mwenye mashine ya kukoboa kahawa?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Hakuitikia shikamoo. "Baba yako anatembea kanisani anajisifu kwamba binti yake ni fundi. Njoo uone ufundi wako. Mwanangu amelala kwenye damu yake kwa sababu yako."

Wauguzi wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na mfanya usafi na dekio lake. Ferista akapiga magoti kwenye maji yale yale. "Nisameheni, mama. Nisameheni, sista. Niliipima. Sijui imekuwaje."

"Ndiyo maana kuna kazi za wanaume," alisema mfanya usafi, si kwa ukali, kama anayetaja tu jambo.

Ezron alisimama na sanduku lake. Alisema, "Ngoja tuangalie kwanza."

Ferista akaingia chini ya sinki. Ezron aliona nyayo zake mbili tu, nyeupe kwa maji. Zilikuwa zinasogea anapofanya kazi, kidole gumba kinajikunja. Halafu zikatulia. Zilitulia kwa muda mrefu. Ezron alijua alichokuwa anakishika. Nati ile ilikuwa ya kung'aa, laini, na Ferista aliikaza kwa spana ndogo juu ya kitambaa. Sasa ilikuwa na meno. Mistari minne au mitano iliyochimbwa na renchi kubwa, ya aina ambayo Tunduma nzima wanazo wengi, lakini chumba kile iliingia moja.

"Mama Mercy," aliita. "Vipi?"

Sauti ikatoka chini ya sinki: "Nipe washa."

Akampa. Alipotoka uso wake ulikuwa umesawijika. Restuta alimwuliza kulikuwa na nini.

"Nati ililegea," alisema Ferista. "Nimekaza. Msinilipe."

Restuta alimwambia asihangaike tena kuja, na ile habari ya Vwawa na Mlowo aisahau. Ferista alisema sawa, sista. Alichukua ndoo, akamsaidia mfanya usafi kutoa maji mpaka korido ikakauka, na hakuna aliyemshukuru.

*

Njia nzima alitangulia yeye. Walipofika nyumbani alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda.

"Nimeona meno ya renchi."

Ezron aliweka sanduku chini.

"Sikuulizi kwa nini," alisema Ferista. "Nakuuliza mara ngapi."

"Moja."

"Mara ngapi, Ezron?" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Mercy azaliwe.

"Ile moja tu. Naapa."

Ferista akatikisa kichwa. Hakulia. "Nimefanya kazi nyumba kumi na nne. Sasa sijui ipi ni yangu na ipi uliigusa."

Kesho yake, baada ya chai ambayo hakuinywa, alichukua spana yake ndogo na kitambaa, akatoka. Ezron akamfuata. Hakumfukuza wala hakumsubiri. Walianzia kwa Mama Tumpale, wakaenda Majengo, wakarudi Sogea, mlango kwa mlango. Kila mahali alisema maneno yale yale: "Hodi. Nimekuja kuangalia kazi yangu." Na kila mahali waliuliza, "Kwani imeharibika?" Alijibu kwamba hapana, anaangalia tu. Alijiingiza ukutani, chini ya ngazi, juu ya dari, akapapasa kila nati aliyoikaza akitafuta meno. Ezron alisimama nje na wenye nyumba waliokuwa wanamwangalia kwa wasiwasi. Habari ya zahanati ilikuwa imeshafika nusu ya nyumba zile. Kwa yule mzee wa simu walimfungulia nusu mlango, wakamwambia aache tu, watamwita fundi mwingine akague.

Nyumba ya tisa, Ferista alikuwa amechubuka kiwiko na damu inachuruzika. Alijifunga kile kitambaa cha kuzungushia nati, akaendelea kutembea.

"Inatosha," alisema Ezron. "Hakuna nyingine. Nakuambia hakuna."

"Wewe unajua. Mimi sijui."

Hapo, katikati ya barabara, lori likipiga honi nyuma yao, Ezron aligeuka akaelekea upande wa zahanati. Aliondoka haraka kwa sababu alijijua: akitembea polepole atarudi.

Restuta alimpokea amesimama. Njiani alikuwa ametunga maneno kwamba renchi iliteleza wakati anakusanya vifaa. Yalikuwa maneno mazuri.

"Sista, ile nati aliikaza vizuri. Niliilegeza mimi."

"Bahati mbaya?"

"Makusudi."

Restuta akawaita wauguzi, akamwita na mfanya usafi. "Rudia."

Akarudia.

"Kwa nini?" aliuliza Restuta. "Mwanaume gani alikuwa anamtaka mkeo hapa? Hapa pana wanawake watupu."

"Si mwanaume. Ni kazi. Anaiweza kuliko mimi."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi ya kicheko. Restuta alimwelekeza wodini kwa kidole. Yule bibi wa Itaka alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mjukuu mapajani. Ezron alisema kwa mara ya tatu, amepiga magoti kwenye saruji. Bibi alisikiliza huku anamfunika mtoto.

"Mimi nimeshampigia baba yake," alisema. "Nimemtukania mtoto wake mpaka akakata simu."

Akatoa simu kifuani, ndani ya gauni, akabonyeza, akamkabidhi ikiwa inaita. Ezron alisikia kikohozi cha mkwe wake upande wa pili.

"Shikamoo, baba," alisema. "Ni Ezron. Nina neno juu ya Ferista."

*

Lusubilo hakumtukana. Aliuliza tu, "Na yeye yuko wapi sasa hivi?" na Ezron alipojibu kwamba yuko mtaani anakagua kazi zake, mzee alikaa kimya hadi salio la bibi likaisha.

Jioni ile Ferista alisema, "Baba amenipigia," akaendelea kuchambua maharage. Baadaye aliuliza, "Hata yule wa usafi alikuwepo?" Ezron akasema alikuwepo. Ferista alimsogezea sahani, ila yeye mwenyewe alikula chumbani na Mercy.

Restuta alipiga simu mwenyewe wiki iliyofuata, akaomba radhi kwa sauti ile ile ya ukali, akataja tena Vwawa na Mlowo. Ferista alinunua sanduku lake la vifaa, dogo, la plastiki. Alikwenda peke yake asubuhi na kurudi jioni. Wale mafundi pale dukani walishajua, kama mji mzima ulivyojua, na Ezron alipokaa nao walizungumza mpira na bei ya saruji. Alipata kazi za mitaro na za mabomba makubwa ya nje, mahali ambapo mtu anasimama wima. Kila Luka alipomtaja fundi Ferista, wivu ulimrudia vile vile kama mwanzo. Alidhani kusema kweli kungeuondoa. Haukuondoka.

Siku moja Ferista alirudi kutoka Vwawa amekunja uso. Alikaa mezani, akasukuma kikombe huku na huku.

"Kuna mpira wa pampu," alisema hatimaye, bila kumtazama. "Unavishwa kwenye bomba la chuma, nyuma ya tangi, pamebana. Nimekaza klipu ya kuubana mpaka skrubu inataka kukatika. Bado unatoa jasho la maji."

Ezron alilijua jibu kabla hajamaliza. Ulikuwa ni muda mrefu tangu aulizwe kitu. "Ukikaza zaidi unaukata mpira," alisema. "Ukate urefu wa vidole viwili kutoka mwisho, ile sehemu imeshakufa. Bomba lipige msasa, litakuwa na kutu."

Angeweza kuishia hapo. Hayo yalitosha kumfanya aonekane mjuzi. Yangepunguza jasho kwa wiki mbili tatu. Kulikuwa na lililobaki, ambalo aliligundua mwenyewe miaka ya nyuma na hakuwahi kumwambia fundi yeyote, hata Luka. Ferista alikuwa ameinua macho.

"Kabla ya kuuvisha," alisema Ezron, "chovya mwisho wake kwenye maji ya moto mpaka ulainike. Halafu weka klipu mbili, siyo moja. Skrubu ya kwanza iangalie juu, ya pili iangalie chini. Klipu moja huacha pengo pale kwenye skrubu yake. Ya pili inaliziba."

Ferista aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo, midomo inacheza, kidole kinachora duara mezani, skrubu juu, skrubu chini. Kisha akamkazia macho mumewe, na Ezron hakuyakwepa.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo yote."

Ferista akainuka, akachukua sanduku lake la plastiki, akaliweka karibu na mlango.

"Nitaona kesho," alisema.